Ramani Isiyoijua Malka Haiuhifadhi Msitu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa upande wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River, nikikusanya majina ya mahali kwa ajili ya utafiti wa isimu. Nilikuwa na ramani kubwa niliyoinunua Nairobi, nami nilijivunia kuikunjua mbele ya wazee ili wanionyeshe kila jina lilipo. Mzee mmoja wa Kiorma aliitazama kwa muda, akaufuata mto kwa kidole toka juu hadi baharini, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ng'ombe wanapita wapi hapa?" Nilipomjibu kwamba ramani haionyeshi njia za ng'ombe, alicheka kidogo. "Basi aliyeichora hajapata kufika huku wakati wa kiangazi," akasema.

Alichokuwa akikitafuta mzee yule ni malka. Kwa Kiorma, malka ni mahali ambapo mifugo huteremkia mtoni kunywa maji, pamoja na njia ya kupafikia. Ni neno la jamii ya lugha za Kikushi, na msafiri atalikuta mbali sana na mto Tana: kuna Malka Mari huko Mandera, Malka Daka katika Isiolo, na Melka Kunture kando ya mto Awash nchini Ethiopia. Popote lilipo, neno hilo hutuarifu kwamba hapo pana maji, na kwamba wako watu waliokwisha kukubaliana namna ya kuyafikia. Neno moja tu, nalo limebeba kanuni nzima ya matumizi ya ardhi, iliyowekwa ndani ya lugha kabla ya ofisi yoyote ya mipango kujengwa.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu upo mtindo uliozoeleka hapa nchini wa kuyatenga mambo mawili yasiyotengeka. Upangaji wa matumizi ya ardhi tumewaachia wapima ardhi na makarani wa kaunti. Uhifadhi wa viumbe hai nao tumewaachia askari wa wanyamapori, tukidhani kwamba ukishazungushia mbuga mpaka na kuweka lango, basi kazi imekwisha. Lakini mbuga na hifadhi zetu za taifa hazizidi sana asilimia 8 ya nchi, na zaidi ya nusu ya wanyamapori wetu huishi nje yake, katika malisho, mashamba, vinamasi na misitu ya vijijini. Huko hakuna lango wala askari wa zamu. Kinachoamua iwapo kiumbe ataishi au atatoweka ni pale shamba litakapolimwa, barabara itakapopita na ng'ombe watakapoteremkia mtoni. Wingi na uanuwai wa viumbe hai, ambao siku hizi wataalamu wetu wameupa jina la bayoanuwai, huokolewa au kuangamizwa katika maamuzi madogo madogo ya namna hiyo.

Delta ya Tana ni shahidi wa kutosha. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, ukiwa na kilomita 1,000 hivi. Chanzo chake ni Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Hupita katika nchi kame ya mashariki, na kabla ya kuingia Bahari Hindi karibu na Kipini hutawanyika na kuzaa maziwa, mabwawa, nyasi ndefu, misitu na mikoko. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012 delta hiyo iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, eneo la hekta 163,600, nayo ikawa ya sita nchini kupata hadhi hiyo. Ndege wa majini hukusanyika humo kwa maelfu. Viboko na mamba wamo. Kamba wanaovuliwa katika Ghuba ya Ungwana hutegemea rutuba inayoletwa na mto huo. Na katika vipande vya msitu vilivyosalia kandokando ya Tana ya chini, wanaishi nyani wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wote wawili wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Lakini delta si makazi ya wanyama peke yao. Wapokomo wamelima kingo za mto kwa karne nyingi, wakifuata mafuriko: maji yakipungua, mpunga, migomba na mahindi hupandwa katika tope lililoachwa. Waorma na Wawardei huondoka na mifugo yao mvua zinaponyesha bara, kisha hurejea deltani kiangazi kinapouma, kwa kuwa huko ndiko kunakobaki nyasi. Wavuvi nao hufuata maziwa yanavyojaa na kukauka. Ardhi ni ile ile, lakini hutumiwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Ugomvi haukukosekana, ila palikuwa na wazee wa kuusuluhisha, na malka zilijulikana. Mtu aliyelima ndani ya malka alijua amekosa. Na mtu aliyepitisha ng'ombe nje ya malka naye alijua hivyo hivyo.

Utaratibu huo ulianza kulegea kwa sababu nyingi. Watu waliongezeka, na mifugo kutoka Garissa na kwingineko ikazidi kumiminika nyakati za ukame. Juu ya hayo, wageni wenye mitaji wakaiona delta kuwa ardhi tupu inayongoja mwenyewe. Miradi ya miwa, ya mpunga na ya mbono kaburi wa kutengenezea mafuta ilifuatana mmoja baada ya mwingine. Mradi mmoja wa miwa uliojadiliwa sana mwaka 2008 ulikusudia kuchukua takriban hekta 20,000. Kila mradi ulikuja na ramani yake, lakini haukuwako mpango mmoja uliokubaliwa na wote wa kuonyesha ni wapi pa kulima, ni wapi pa kulisha, na ni wapi pa kuacha kama palivyo. Mfugaji akaona malisho yake yakipimwa. Mkulima naye akaona ng'ombe waliokosa njia wakiingia katika mpunga wake.

Yaliyofuata tunayakumbuka kwa uchungu. Mwezi wa Agosti mwaka 2012 kijiji cha Reketa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yaliendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, na idadi ya waliopoteza maisha ikapita 100. Siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilichochea moto huo, jambo lisilofichika. Lakini kuni zilikuwa zimekwisha kukauka, na kuni hizo zilikuwa ardhi na maji yasiyo na mpango.

Mwezi wa Februari mwaka 2013 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa delta, ikaziagiza idara za serikali zishughulikie mpango wa matumizi ya ardhi hiyo kwa kuwashirikisha wananchi wanaoishi humo. Juhudi za kuandaa mpango huo zilikuwa zimekwisha kuanza. Wataalamu wa serikali, shirika la Nature Kenya na wawakilishi wa vijiji vipatavyo mia moja walikaa pamoja kwa miaka kadhaa, na mwaka 2015 mpango ukazinduliwa, ukiihusu sehemu ya delta iliyo Tana River na ile iliyo Lamu. Ndani yake mashamba yana mahali pake, malisho yana mahali pake, njia za mifugo kwenda mtoni zimetambuliwa, na sehemu za kuhifadhiwa na jamii zenyewe zimetajwa. Kile ambacho mzee wangu alikikosa katika ramani yangu, hatimaye kilipata mstari wake.

Msomaji huenda akauliza: njia ya ng'ombe ina uhusiano gani na mbega mwekundu? Uhusiano upo, nao ni wa karibu mno. Malka ikizibwa na shamba, mfugaji hutafuta njia nyingine, na aghalabu njia hiyo hupita katika msitu wa kando ya mto. Mkulima aliyeharibiwa mazao hukata msitu mahali pengine ili afidie hasara yake, au hukata miti ya kujengea ua. Msitu uliokuwa mmoja hugeuka kuwa vipande viwili, kisha vinne. Mbega ni mnyama wa mitini. Akitengwa na wenzake kwa uwanda wa mashamba, kundi lake hubaki kisiwani, likapungua kizazi baada ya kizazi hata likaisha. Hakuna jangili aliyemwua. Kilichomwua ni shamba lililowekwa mahali pasipostahili. Kinyume chake, malka ikiachwa wazi, ng'ombe hupita na kurudi, shamba husalimika, na msitu hupumua. Ndiyo maana nasema kwamba mpango wa ardhi wa mahali, uliochorwa kwa uaminifu, unaweza kumhifadhi mnyama ambaye hata hakutajwa ndani yake.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zastahili kusikilizwa. Wa kwanza husema kwamba mwenye njaa hali ndege, na kwamba kuizuia miradi mikubwa ni kuwafungia wakazi wa delta mlango wa ajira. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama historia isingekuwapo. Mradi mkubwa wa umwagiliaji wa mpunga uliojengwa na serikali karibu na Garsen uliharibiwa na mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Mto haukuuheshimu, kwa kuwa haukuwekwa kwa kuuheshimu mto. Mpango wa ardhi haukatazi kulima. Huonyesha palipo salama pa kulima, na anayefaidika kwanza ni mkulima mwenyewe.

Wa pili husema kwamba mpango wa mahali hauwezi kufua dafu mbele ya maamuzi yanayofanywa mbali. Hawa nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tangu bwawa la Kindaruma mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere hadi mwaka 1988, Tana imekuwa ikifungwa na kufunguliwa kwa mahitaji ya umeme, wala si kwa mahitaji ya mpunga na msitu. Mafuriko ya wastani yaliyokuwa yakirutubisha kingo yamepungua, na huko Ozi, karibu na mdomo wa mto, maji ya chumvi yamepanda yakaharibu mashamba. Kinyume chake, mwishoni mwa mwaka 2023 na tena Aprili na Mei 2024, maji yalikuja kwa wingi uliopita kiasi yakawahamisha maelfu ya watu. Kijiji hakiwezi kuyapanga hayo peke yake. Lakini dosari hiyo haithibitishi kwamba mpango wa mahali haufai. Inathibitisha kwamba wenye mabwawa nao wanapaswa kuusoma. Sheria ya Mipango ya Maumbile na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeweka ngazi za mipango: ya taifa, ya kaunti zinazoshirikiana, ya kaunti, na ya mahali. Mto unaopita katika kaunti nyingi ndio hasa unaohitaji ngazi ile ya pili. Tukiiruka, tutakuwa tumempangia mtu nyumba huku tukimwachia jirani ufunguo wa bomba.

Wa tatu husema kwamba mipango ni karatasi, na kabati za ofisi zetu zimejaa karatasi. Hapa nami, kama mtu wa lugha, nina neno la kusema. Mpango hubaki karatasi pale ambapo wanaopaswa kuutekeleza hawawezi kuusoma. Aghalabu mipango yetu huandikwa kwa Kiingereza kizito, kurasa mia mbili au tatu, kisha huletwa katika baraza ambapo afisa huieleza kwa dakika ishirini. Wananchi huandika majina yao katika orodha ya waliohudhuria, hunywa soda, na jioni husemekana kwamba umma umeshirikishwa. Je, huo ni ushirikishwaji au ni hesabu ya vichwa?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema waziwazi kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kifungu hicho hicho kinaitaka dola ikuze lugha za wananchi wa Kenya. Kifungu cha 60 kinataka maeneo yenye umuhimu wa kiikolojia yalindwe, na cha 69 kinataka umma uhimizwe kushiriki katika kuyatunza mazingira. Jedwali la Nne nalo limeikabidhi kaunti jukumu la kupanga. Mimi sioni jinsi mtu atakavyovitii vifungu vya 60 na 69 huku akikipuuza cha 7. Raia hawezi kupinga wala kuunga mkono mstari ulio katika ramani ikiwa maelezo ya mstari huo yamefungwa katika lugha asiyoimudu. Na asiyeulizwa kwa lugha anayoielewa hakuulizwa.

Tena si suala la tafsiri pekee. Lugha za wenyeji zina maarifa ambayo mpimaji hawezi kuyapata kwa darubini. Kiorma kina malka. Kipokomo, ambacho wenyewe huuita mto wao Tsana, kina majina ya aina za udongo, ya mikondo ya zamani iliyokauka, ya vipande vya msitu vilivyotengwa na wazee. Jina likisema kwamba mahali fulani palikuwa ziwa, mpangaji mwenye busara hapeleki huko nyumba, hata kama leo ni pakavu. Katika karne ya 19 mfereji wa Belazoni ulichimbwa kuuunganisha Tana na mto Ozi, na hatimaye mto wenyewe ukaufuata mfereji huo ukahamishia mdomo wake Kipini. Mkondo wa zamani umebaki katika majina na katika kumbukumbu. Lugha inapokufa, faharasa ya ardhi nayo huraruliwa. Wanaolilia kutoweka kwa mbega na wanaolilia kutoweka kwa lugha ndogo za Kenya wanalia msiba mmoja.

Sasa nawageukia walimu na wanafunzi, ambao najua ndio wasomaji wa kudumu wa ukurasa huu. Kila asubuhi ya gwaride mwaimba wimbo wa taifa. Lahani yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Taifa zima, basi, limeazima sauti kutoka kingo za Tana, na ni haki nalo lizijue kingo hizo. Lakini sitaki mwishie katika kujua habari za Tana. Kila shule ya nchi hii imo katika kaunti, na kila kaunti inatakiwa na sheria iwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Mwalimu wa jiografia na awapeleke wanafunzi wake katika ofisi ya mipango, waombe kuiona ramani ya eneo la shule yao. Iko wapi chemchemi? Iko wapi njia ya ng'ombe? Kile kichaka kinachotazamwa kila siku kutoka dirishani kimewekwa katika rangi gani: ya makazi, ya viwanda, au ya hifadhi? Wakiambiwa kwamba ramani haipo, hilo nalo ni somo, na ni barua ya kumwandikia diwani.

Mwalimu wa Kiswahili naye asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Awatume wanafunzi kwa babu na bibi zao wakakusanye majina ya vijito, miti, malisho na misitu, pamoja na maana zake. Awafundishe kuandika insha fupi ya kumweleza mwanakijiji, kwa Kiswahili safi kisicho na madoido, mpango wa ardhi unasema nini na unamwathiri vipi. Kazi ya namna hiyo itamfaa mwanafunzi kuliko insha kumi za kukariri methali, na huenda ikamfaa afisa wa kaunti vilevile.

Kwa serikali za kaunti ombi langu ni dogo, wala haligharimu pesa nyingi. Kila mpango wa matumizi ya ardhi utolewe kwa Kiswahili kwa ukamilifu, pamoja na muhtasari katika lugha ya wenyeji, na hakuna mpango upitishwe na bunge la kaunti kabla ya sharti hilo kutimizwa. Ramani zake zibandikwe shuleni, msikitini, kanisani na sokoni, si katika ubao wa makao makuu peke yake. Na majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wayatamkavyo, yakiwemo yale yanayotaja maji, mapito na misitu.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Deltani fahali walipigana na watu wakafa, na nyasi, misitu na viumbe wake vikaumia pamoja nao. Mpango wa mwaka 2015 ulikuwa jaribio la kuwatenganisha fahali hao kwa kumwonyesha kila mmoja njia yake. Utadumu tu iwapo watoto wa Mpokomo na wa Muorma wataweza kuusoma, wakaugombania panapo haja, na kuurekebisha mto utakapohama tena. Niliporudi kutoka Garsen niliichukua ile ramani yangu nikaziandika malka kwa kalamu nyekundu, moja baada ya nyingine, kama alivyonitajia mzee. Imejaa makunyanzi sasa, na baadhi ya mistari yangu imepinda. Lakini tangu siku ile ndiyo ninayoitumia kufundishia.